Jedwali la timu ya akiba

Neno la shemeji bado linanichoma. Wiki hii binti wa dada ameolewa Wete na ofisi yetu imehamia jengo jipya, lakini fikra zangu zimebaki pale barazani, kwenye kahawa na daftari langu la Bayern Munich II, timu ya akiba ya klabu ya Bayern, ambalo mnalijua kuliko mnavyowajua wanangu.

Alinikuta kwenye ukurasa wa msimu wa 2019/20: ligi ya daraja la tatu Ujerumani, timu 20, kila mpinzani mara mbili, safu ya nyumbani na safu ya ugenini. Akauliza, “Hawa si ndio waliotwaa ubingwa wakazuiwa kupanda?” Nikamwambia ndio, kwa kuwa timu za akiba haziruhusiwi daraja la pili; walimaliza na pointi 65, wakapanda Würzburg na Braunschweig waliokuwa na 64 kila mmoja. “Sasa shemeji, unamwekea hesabu mtu asiye na pa kwenda?” Kisha, huku akiipuliza kahawa yake: “Au kwa vile nawe ni kaimu wa miaka yote?”

Nilicheka. Majibu yalinijia usiku, tena mazuri, kama kawaida yake. Ningemwambia kwamba aliyefungwa na vijana wale alipoteza pointi za kweli, na kwamba goli la akiba halina alama yake maalumu katika jedwali la mpinzani. Ningemfunulia ukurasa wa 1860 München, timu ya kwanza ya klabu jirani, ambayo nayo inatumia uwanja uleule wa Grünwalder, hata safu zangu za nyumbani na ugenini zikakosa maana. Jambo ambalo sisi tuliozoea kuona timu mbili za Pemba zikikutana uwanja wa Gombani hatuhitaji kuelezwa.

Jana akaniletea ujumbe: “Na msimu uliofuata walishuka. Umeandika?” Hasira ikaniisha papo hapo. Asiyejali hawezi kukumbuka kwamba bingwa wa 2020 alishuka daraja 2021. Huyu bila shaka ana daftari lake mahali. Nimemjibu kwamba nimeandika, kwa wino uleule, na nimemwalika Ijumaa baada ya sala, aje na la kwake.

Ila hiyo Ijumaa yenyewe sina hakika nayo, maana karafuu za mama bado mbichi, mawingu yanazidi kukusanyika, na nusu ya majamvi ya kuanikia yaliazimwa harusini na hadi leo hayajarudi.