KIA iko Hai, abiria analala Arusha

Tarehe 16 Machi 2020 Ummy Mwalimu, Waziri wa Afya wa wakati ule, alitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona Tanzania. Alikuwa Mtanzania aliyetua KIA, Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro, siku moja kabla akitokea Ubelgiji. Uwanjani alipimwa joto, hakuwa na homa, akapita. Hali ilibadilika akiwa Arusha, akaenda Hospitali ya Mount Meru, na sampuli yake ikapelekwa maabara ya taifa Dar es Salaam.

Wengi wanaikumbuka kama habari ya Arusha. Anayeshughulika na ufuatiliaji wa magonjwa anaiona tofauti. KIA iko Wilaya ya Hai, mkoa wa Kilimanjaro. Alipolala na alipotibiwa ni Jiji la Arusha. Maafisa afya wa uwanjani wako chini ya Wizara ya Afya, lakini Mganga Mkuu wa Mkoa na waganga wakuu wa halmashauri wako upande wa TAMISEMI, yaani wizara ya tawala za mikoa na serikali za mitaa. Kwa hiyo abiria mmoja, siku moja, kagusa mikoa miwili na wizara mbili. Mapambano yote ya korona huku kwetu kaskazini yalikuwa hivyo: kila ofisi ilijua kazi yake ya ndani, na mambo yaliharibikia pale ofisi moja inapoishia na nyingine inapoanzia.

Kwenye karatasi mpangilio uko wazi. Mkuu wa Mkoa anaongoza kamati, Katibu Tawala wa Mkoa anasimamia utekelezaji, Mganga Mkuu wa Mkoa anatoa utaalamu. Wilayani ni Mkuu wa Wilaya, Mkurugenzi wa halmashauri na Mganga Mkuu wake. Chini yao kuna mtendaji wa kata, mtendaji wa kijiji au mtaa, mwenyekiti, na wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Arusha ina halmashauri 7, Kilimanjaro nayo 7. Vikao havikukosekana kamwe, na posho zake tunazijua. Kilichokosekana mara nyingi ni orodha iliyojazwa vizuri, na mtu mmoja kila upande mwenye jukumu la kuipokea.

Orodha ya abiria au ya waliotangamana na mgonjwa inatakiwa iwe na jina kama lilivyo kwenye kitambulisho, namba ya simu inayopatikana hapa nchini, namba ya mwenyeji wake, kata, mtaa au kitongoji, jina la mwenyekiti, tarehe ya mwisho ya kukutana na mgonjwa, na jina la atakayemfuatilia. Fomu inayoharibu kazi ni ile yenye anuani moja tu, “Arusha”, na namba ya simu ya Ulaya iliyozimwa ndege ilipotua. Ya pili ni ile iliyojazwa vizuri ikabaki mezani hadi Jumatatu. Inatakiwa ichapwe usiku ule ule, itumwe kwa mratibu wa ufuatiliaji wa mkoa wa pili, naye ajibu kwa hesabu, mfano: “Tumepokea 23, tumewapata 19, wanne simu hazipatikani, tumewakabidhi watendaji wa kata.” Jibu la “imefika, asante” halitoshi, kwa sababu halisemi kama kuna aliyetafutwa.

Aliyetangamana ni nani? Kipimo kilichotumika ni aliyekaa na mgonjwa chini ya mita moja kwa dakika 15 au zaidi, kuanzia siku mbili kabla ya dalili. Hapo anaingia dereva aliyempokea, wa nyumbani kwake, na abiria wa siti za jirani. Aliyepishana naye mlangoni hayumo. Orodha ikijazwa watu 200 kwa hofu, wale 12 wanaotakiwa kweli wanapotelea humo.

Siku 14 za karantini zilihesabiwa kuanzia siku ya mwisho ya kukutana, siyo siku afisa alipofika nyumbani. Aliyekutana na mgonjwa mara ya mwisho tarehe 15 alimaliza tarehe 29. Wengi walikosea hapa, wengine wakafungiwa siku 18 bila sababu. Na ndani ya nyumba moja, mtu mwingine akiugua, hesabu ya waliobaki ilianza upya.

Namna ya kubisha hodi nayo ni utaalamu. Gari la polisi likisimama getini, kesho yake mtaa mzima unazima simu. Anayefaa ni mhudumu wa afya anayejulikana pale, akiwa na mjumbe wa mtaa, bila kelele: “Shikamoo mzee. Natoka zahanati. Kuna mtu mliyesafiri naye ambaye anaumwa. Wewe huna shida sasa hivi, ila tutakuwa tunakupigia asubuhi na jioni tujue joto na kikohozi.” Halafu unamuuliza swali ambalo fomu nyingi hazina: utakula nini siku zote hizi? Mama anayeuza ndizi soko la Mbuyuni, Moshi, hawezi kukaa ndani wiki mbili kwa maelekezo matupu. Mtu mzima mmoja anahitaji unga wa kama nusu kilo kwa siku, yaani kilo 7 kwa siku 14, na maharage ya gramu 100 kwa siku, karibu kilo moja na nusu. Halmashauri isiyotenga kiasi hicho kidogo itamkuta sokoni siku ya tatu, na haitakuwa na haki ya kumlaumu.

Mipakani kulikuwa na ugumu wa aina nyingine. Namanga iko Longido, Holili na Tarakea ziko Rombo, na zote zinapakana na Kenya. Mei 2020 malori yalipanga foleni ndefu kwa sababu majibu ya upande mmoja hayakuaminiwa upande wa pili. Kitaalamu, majibu kutofautiana siyo ajabu: sampuli iliyochukuliwa leo na ile ya siku nne baadaye zinaweza kutoa majibu mawili kwa mtu yule yule, na pamba ikiishia puani bila kufika nyuma ya pua na koo inaweza isichukue kitu. Kabla ya kubishana nani mwongo, pande mbili zikubaliane nani anapima, lini, na cheti kinadumu siku ngapi. Jumuiya ya Afrika Mashariki, yenye makao makuu yake hapa hapa Arusha, iligawa maabara zinazotembea kwa nchi wanachama na kuanzisha mfumo wa kielektroniki wa kufuatilia madereva na mizigo, ili dereva apimwe kabla ya kuondoka na majibu yamtangulie mpakani. Kwa malori ilikuwa sawa. Kwa njia za panya mfumo huo haukuwa na msaada. Kule dawa ni mwenyekiti wa kitongoji anayejua nani kalala kwa nani.

Sampuli yenyewe inakaa kwenye kimiminika chake, nyuzijoto 2 hadi 8, na ifike maabara ndani ya saa 72. Ukiiweka kwenye friza ya kawaida unaiharibu. Sampuli nyingi hukataliwa kwa kosa dogo kuliko hilo: jina la kwenye fomu halifanani na la kwenye kichupa.

Minada nayo ina mkasa wake. Wafanyabiashara wa mifugo wanazunguka, leo mnada huu, keshokutwa ule. Wilaya moja ikifunga mnada wake peke yake, ng’ombe na watu wanahamia kwa jirani, na msongamano unakuwa mara mbili. Ama mzifunge pamoja, ama mziache wazi kwa utaratibu mmoja wa maji, nafasi na saa za kufunga. Ni vivyo hivyo kwa vifodi, mabasi madogo ya abiria. Leveli siti, yaani abiria wasizidi siti, ikisimamiwa Arusha mjini halafu ikaachwa kuanzia Usa River, abiria anasubiri mbele kidogo, basi. Na huku Uchagani kuna kata ya mbege, kibuyu cha kunywea pombe ya ndizi, inayozunguka midomo kumi. Tangazo la “kaeni mita moja” halikuwagusa wanywaji. Linalowezekana ni kila mtu kuja na kikombe chake, na mwenye klabu ndiye wa kukabidhiwa jukumu hilo. Desemba, watu wanapopanda kutoka Dar kuja “kuhesabiwa” nyumbani kwa sikukuu, ndipo Kilimanjaro inapohitaji wahudumu wa ziada, siyo Juni.

Sasa ndoo. Kila ofisi iliweka ndoo ya koki mlangoni, picha zikapigwa. Tupige hesabu. Mtu akinawa vizuri kwa sekunde 20 anatumia karibu nusu lita. Ndoo ya lita 20 inahudumia watu 40. Stendi Kuu ya Moshi asubuhi, watu 40 ni mabasi mawili madogo. Baada ya hapo ndoo ni pambo. Mahali kama pale panataka tanki la lita 1,000, ambalo linatosha watu 2,000, koki zaidi ya moja, na mtu mwenye jina la kulijaza. Koki ya kukanyaga kwa mguu ni bora kuliko ya kushika, ila waya wake hulegea, kwa hiyo fundi awe karibu. Sabuni ya mche ikiachwa wazi inaondoka na mtu. Iweke kwenye wavu au soksi, ifunge kwenye stendi ya ndoo. Sabuni ya maji isizimuliwe hadi iwe maji ya rangi. Chini ya koki weka beseni au chimba shimo la mawe, la sivyo jioni kuna tope na mbu, na wenye maduka wataomba ndoo iondolewe.

Klorini ndiyo iliyoharibiwa kuliko vyote, maana kila mtu alichanganya kwa macho. Kanuni ni hii: gawa nguvu ya dawa uliyonayo kwa nguvu unayoitaka, toa moja, unapata sehemu za maji. Jiki (klorini ya maji ya dukani) ya asilimia 3.5 ukitaka ya asilimia 0.5: 3.5 gawa kwa 0.5 ni 7, toa 1, sehemu 6 za maji kwa sehemu 1 ya jiki. Hiyo ni kwa damu, matapishi na choo cha mgonjwa. Kwa meza, vitasa na vyuma vya kushikia vya kifodi, asilimia 0.1 inatosha: sehemu 34 za maji kwa 1 ya jiki. Klorini ya unga ya asilimia 70 inapimwa kwa kijiko cha chakula kilichosawazishwa, karibu gramu 15: vijiko 2 kwenye lita 20 kwa asilimia 0.1, vijiko 10 kwa asilimia 0.5. Soma lebo kwanza, nguvu hazifanani.

Safisha uchafu kwa sabuni kabla ya kupaka, kwa sababu uchafu unaila klorini. Iache dakika 10. Changanya mpya kila siku, kwenye dumu lenye mfuniko lisilopitisha mwanga, uandike saa. Dumu jeupe lililoshinda juani nje ya ofisi ya kata, kufika jioni lina harufu tu. Usichanganye na dawa ya choo yenye asidi, gesi yake inaumiza mapafu. Mtu hapuliziwi klorini, na barabara kupuliziwa ni kumwaga fedha. Vumbi na jua vinaimaliza kabla haijafanya kazi.

Mapema Mei 2020 takwimu za taifa zilisimama kwenye wagonjwa 509 na vifo 21, na kwa zaidi ya mwaka hazikusogea. Kwa halmashauri, kilichobaki ni rejista zake. Mganga mkuu makini alihesabu kila wiki waliolazwa kwa nimonia na walioongezewa oksijeni, akalinganisha na wiki kama hiyo ya mwaka uliotangulia. Hilo halikuhitaji ruhusa ya mtu.

Oksijeni nayo ni hesabu. Mtungi mkubwa wa lita 6,800 kwa mgonjwa anayetumia lita 10 kwa dakika unaisha ndani ya saa 11 na ushee. Mtungi mdogo wa gari la wagonjwa, lita 680, ni dakika 68. Ukimtoa mgonjwa Loliondo kuja Arusha kwa mtungi mmoja mdogo, unamtoa bila oksijeni. Piga simu kwanza hospitali za Mount Meru, Mawenzi, KCMC au Kibong’oto, uliza kitanda na mtungi, ndipo gari liwashwe.

Chanjo ilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 28 Julai 2021, kwa shehena ya Johnson & Johnson iliyozidi dozi milioni moja. Ilifaa sana maeneo ya wafugaji: dozi moja ya mililita 0.5, friji ya kawaida ya nyuzijoto 2 hadi 8. Ila kichupa kilikuwa na dozi 5, na kikishatobolewa kilitakiwa kitumike ndani ya saa 6. Kwa hiyo timu ya Longido au Monduli ilitakiwa iende siku ya mnada. Kichupa kilichofunguliwa saa sita mchana kwa mtu mmoja, wanne wengine walitakiwa watafutwe pale pale kabla ya saa kumi na mbili jioni.