Risasi moja ya mwaka 1543

Jana umeme ulikatika saa tatu usiku, mimi na kaka tukabaki na mshumaa na ubishi. Kisa ni Imam Ahmad ibn Ibrahim wa Adal, usultani wa Kiislamu jirani na Ethiopia, ambaye Wahabeshi humwita Gragn, yaani Mashoto. Tangu ushindi wa Shimbra Kure 1529 aliteka sehemu kubwa ya Ethiopia, nchi ile ya Kikristo. Mfalme Lebna Dengel alikimbia mlima hadi mlima mpaka akafa 1540.

Wareno wapatao 400 wakashuka bandari ya Massawa 1541 kuwasaidia Wahabeshi, mkuu wao Cristóvão da Gama, mtoto wa Vasco yuleyule wa nguzo ya Malindi (dunia kijiji kweli). Imam akamkamata, akamuua, halafu akajiamini kupita kiasi: askari wengi wa bunduki wa Kituruki waliomsaidia akawaruhusu waende zao. Februari 1543, kwenye vita vya Wayna Daga, akapigwa risasi akafa. Jeshi likatawanyika.

Je, risasi ingemkosa? Kaka anasema Ethiopia yote ingesilimu, makanisa ya Lalibela yaliyochongwa mwambani yangebaki mapango ya popo. Nikamwambia thubutu! Waturuki walitawala Ugiriki karibu miaka 400 na Wagiriki wakabaki Wakristo. Kushinda vita ni kitu kimoja, kukusanya kodi kwenye milima ile ni kingine.

Kaka akawasha simu anionyeshe ramani. Chaji asilimia 4, ikazima. Asubuhi mama hakuuliza habari za Adal, aliuliza nani kamwaga nta kwenye kitambaa chake cha meza.