Alasiri Moja Bentonia

Mwaka 2016 nilikuwa nasoma Jackson, jimbo la Mississippi. Rafiki yangu mmoja wa Lubumbashi, aliyekuwa na gari, ndiye aliyenipeleka Bentonia. Ni mji mdogo, hauna hata watu 500, na kutoka Jackson ni kama kilomita 50 kwa barabara namba 49. Kabla ya kusafiri nilikuwa napiga gitaa la rizimu kwenye bendi ya dansi ya mjomba wangu, Dar es Salaam, na kitu nilichotamani kukiona kule kuliko vyote ni Blue Front Cafe, mgahawa wa muziki wa blues, na mwenye nayo, Jimmy Holmes, ambaye kila mtu anamwita Duck.

Ukipita haraka utadhani ni stoo. Matofali ya saruji, rangi nyeupe na buluu, reli ipo hapo hapo karibu. Wazazi wake, Carey na Mary Holmes, walifungua mgahawa huo mwaka 1948, Duck akiwa bado mtoto mchanga. Kwa mapato yake na ya pamba wakalea watoto 10, wengi wao wakafika chuo. Msimu wa kuvuna pamba ulikuwa haufungwi usiku wala mchana, maana watu wa mashambani walikuja kula samaki, kunywa na kusikiliza gitaa. Baba alipofariki mwaka 1970, Duck akaushika.

Tulimkuta amekaa kwenye kiti, kofia kichwani, akitazamana na kijana wa Kizungu aliyepakata gitaa lake. Hakuna daftari, hakuna nota. Mzee anapiga, kijana anakodolea vidole macho, anajaribu, anakosea. Mzee anapiga tena, vile vile, bila haraka. Duck naye alifundishwa hivyo hivyo na Jack Owens, mkulima wa hapo hapo Bentonia, aliyefariki mwaka 1997 akiwa na miaka 92. Owens hakuwa mtu wa kutaja majina ya kodi, yaani zile sauti kadhaa za gitaa zinazopigwa kwa pamoja. Alipiga, ukatazama.

Nikasogeza kiti. Sisi wengine gitaa tunalityuni E, A, D, G, B, E kuanzia uzi mnene. Watu wa Bentonia wanalegeza nyuzi nne: ule mnene unashuka kuwa D, G inakuwa F, B inakuwa A, na ule mwembamba wa mwisho nao unashuka kuwa D. Ukizipitishia kidole zote bila kubana popote, tayari una kodi ya maina (minor), yenye huzuni kabla hujapiga chochote. Kidole gumba cha Duck kiling'ang'ania nyuzi za chini, kikigonga bila kukoma, huku vidole vingine vikichomoa sauti mbili tatu juu na kuziacha zining'inie. Mimi ni mtu wa rizimu, masikio yangu yamezoea mzunguko: kodi ya kwanza, ya nne, ya tano, rudi mwanzo. Nikawa nasubiri kodi igeuke. Haikugeuka. Treni ya mizigo ikapita, vioo vikatetemeka, na kodi ikawa ile ile. Nikahisi kifua kimenibana kama mtu anayesubiri habari.

Rafiki yangu, ambaye rumba ndiyo damu yake, aliniinamia: “Kaka, huyu hatoki hapo?” Nikamwambia asikilize.

Mtindo huo unaanzia kwa Henry Stuckey. Inasimuliwa kwamba aliupata Ufaransa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, kwa wanajeshi weusi wa visiwa vya Bahama. Alikuwa jirani wa kina Holmes, na Duck alimsikia utotoni. Mwanafunzi mwingine wa Stuckey, Skip James, ndiye dunia inayemjua: alirekodi Grafton, Wisconsin, mwaka 1931, santuri hazikuuzwa, akaacha. Mwaka 1964 wapenzi wa santuri za zamani wakamkuta amelazwa hospitali huko Tunica, na mwaka huo huo akapanda jukwaani kwenye tamasha la Newport. Miaka mitano baadaye akafa.

Nampenda Skip James mno. Lakini bila watu waliobaki, muziki ule ungekuwa wa kwenye santuri tu. Duck alibaki. Alifungua mlango wa mgahawa kila siku, akaendeleza tamasha la blues la Bentonia lililoanza mwaka 1972, akafundisha kila aliyekuja na gitaa. Albamu yake ya kwanza ilitoka mwaka 2006, naye anakaribia miaka 60. Ile ya 2019, aliyoisimamia Dan Auerbach, mpiga gitaa wa kundi la The Black Keys, iliteuliwa kuwania Grammy. Niliposikia habari hizo nilipiga kelele peke yangu jikoni.

Usiku ule niliporudi Jackson nililegeza nyuzi zangu nne, nikampigia simu mjomba, kwake kumeshakucha.

“Shikamoo mjomba. Sikiliza hii.”

“Marahaba. Mbona gitaa limelegea?”

“Halijalegea, mjomba. Ndivyo linavyokaa.”

Nikapiga tena, safari hii kwa muda mrefu, gumba likigonga. Aliniacha nimalize.

“Sasa besi na ngoma vinaingilia wapi hapo?”

“Haviingii. Ni mtu mmoja.”

“Mmoja?” akasema. “Haya, rudia, naweka spika mama yako mdogo naye asikie.”