Nani kagusa folda ya pamoja? Logi za Windows na mitego yake

Seva ya faili ya Windows haiandiki kwenye logi (kumbukumbu za matukio, kila aina ikiwa na namba yake) nani kafungua folda ya pamoja mpaka uiagize. Fungua dirisha la amri kama msimamizi, kisha andika:

auditpol /set /subcategory:"File Share" /success:enable /failure:enable

Rudia amri hiyo ukiweka "Detailed File Share". Ya kwanza huleta tukio 5140, ambalo huandikwa mara moja kwa kikao. Ya pili huleta 5145, lenye jina la akaunti, anwani ya IP na njia ya faili iliyoguswa. Ila 5145 haichagui: ukiiwasha, inakagua folda zote za pamoja kwenye seva. Logi ya Security ya MB 20 itajaa upesi na matukio ya zamani yatafutika, kwa hiyo ipanue kabla ya lolote:

wevtutil sl Security /ms:1073741824

Hiyo ni GB 1. Nakala zipeleke kwenye mashine nyingine, maana mwenye haki za msimamizi anaweza kufuta logi nzima. Akifanya hivyo, hubaki tukio 1102, linalosema logi imefutwa.

Wengi huteleza hapa: wanaona 5145 wanasema fulani kasoma faili. Tukio hilo linasema tu kwamba seva iliangalia kama akaunti ina ruhusa iliyoombwa. Ukitaka kujua ruhusa iliyotumika kweli, unahitaji 4663. Hiyo inadai uwashe "File System" kwa auditpol, halafu uweke ukaguzi kwenye folda yenyewe: Properties, Security, Advanced, Auditing. Weka kwenye folda nyeti tu, la sivyo utazama. Nayo 4663 haina anwani ya IP. Chukua Logon ID yake (namba ya kikao cha mtumiaji) uitafute kwenye 5140 au 5145, kisha kwenye 4624 ya aina ya 3, yaani kuingia kupitia mtandao. Logon ID ni ya seva ile ile tu. Usiilinganishe na ya seva nyingine.

Kufuta nako kuna mtego. 4663 yenye msimbo 0x10000 ni ruhusa ya kufuta, lakini hata kubadilisha jina la faili huitumia. Faili limefutwa kweli pale 4660 inapofuata ikiwa na Handle ID (namba ya ufunguzi huo wa faili) ile ile.

Ya kushtukia? Akaunti moja kugusa mamia ya folda ambazo haijawahi kuzigusa. Mfululizo wa 5145 zilizokataliwa kutoka IP moja. ADMIN$ au C$, folda za pamoja zilizofichwa za wasimamizi, kufunguliwa kutoka kompyuta ya karani. IPC$ (njia ya programu kuwasiliana kupitia mtandao) yenye svcctl, yaani mtu anashughulika na huduma za seva akiwa mbali. Uandishi (0x2) na ubadilishaji wa majina ya faili nyingi kwa dakika chache ni dalili ya programu ya kufunga faili kwa fidia (ransomware). Chomoa kompyuta hiyo mtandaoni kwanza, maswali baadaye.

Programu za kuhifadhi nakala na za kuzuia virusi nazo hugusa kila kitu, na kishawishi ni kuzitoa akaunti zake kwenye tahadhari. Usitoe akaunti peke yake. Toa akaunti pamoja na IP yake. Akaunti ya kuhifadhi nakala ina ruhusa ya kusoma karibu kila kitu, na ikitokea kwenye IP nyingine, ndiyo tahadhari unayoitaka kuliko zote.