Leo nimeingia Le Bon Marché

Nimeingia Le Bon Marché, duka kubwa la bidhaa za kila aina hapa Paris, mchana, na miguu imekataa kutoka. Nimesimama chini ya paa la vioo, nimeshika kikaratasi cha bei cha shali moja ya sufi, namuwaza Aristide Boucicaut, mtu aliyelikuza duka hili.

Baba yake alikuwa na duka la kofia huko Bellême. Mwaka 1852 Aristide akaingia ubia katika duka hili, dogo wakati huo. Akaweka bei moja kwa kila mtu, imeandikwa wazi, hakuna kupatana. Ingia, tazama, ondoka hata usiponunua. Bidhaa isipokupendeza, irudishe! Mimi nimekulia gengeni kwa mama, bei ikipanda na kushuka kwa sura ya mteja, kwa hiyo kile kikaratasi kimenigusa mno.

Na mkewe, Marguerite, jamani. Utotoni alichunga mabata bukini. 1869 akaweka jiwe la msingi la jengo jipya. Alipofariki 1887, urithi wake ulijenga hospitali. Sanamu yake iko bustanini hapa jirani. Nimekaa karibu nayo mpaka taa zikawashwa.