Neno "minzhu" ukutani: demokrasia kwa masikio ya Wachina

Ndugu mnaokuja China kusoma au kufanya biashara, neno hili mtalikuta kwenye mabango ya vituo vya basi na kwenye uzio wa majengo yanayojengwa. Maadili ya msingi ya ujamaa, yanayotangazwa na serikali kwenye mabango hayo, ni maneno 12, na la pili, baada ya fuqiang (utajiri na nguvu za nchi), ni minzhu. Kamusi ya simu itakuambia "demokrasia". Usiishie hapo.

Min ni watu. Zhu ni bwana, mwenye uamuzi. Ndiyo iliyomo kwenye zhuren, mkuu wa idara utakayempelekea karatasi zako. Katikati hakuna "wa" wala "ni", kwa hiyo neno laweza kusomeka "bwana wa watu" au "watu ndio bwana". Katika Shujing, kitabu cha kale cha nyaraka za wafalme, ni maana ya kwanza: Mbingu huwatafutia watu bwana. Maana ya pili ilianza kuingia mwaka 1864, mmisionari W.A.P. Martin alipochapisha kwa Kichina kitabu cha sheria za kimataifa cha Henry Wheaton.

Ile ya zamani haikufa. Msemo maarufu unasema: ofisa asiyewaamulia wananchi haki yao, heri arudi kwao akauze viazi vitamu. Wei min zuo zhu, kuamua kwa niaba ya watu, ni sifa njema kabisa. Mwenzako Mchina akisema serikali fulani ina minzhu, mara nyingi anapima kama inasikiliza na kutatua shida. Wewe unapima nani aliichagua. Hapo ndipo mabishano mengi ya bwenini yanapokwama.

Mwaka 1919 Chen Duxiu, mwandishi mwanamageuzi, aliandika juu ya "Bwana De", kifupi cha demokelaxi. Alikopa mlio wa neno la kigeni, kama sisi tulivyofanya na "demokrasia".

Katiba ya leo, kifungu cha 1, inataja udikteta wa kidemokrasia wa umma. Kwetu yanagongana, lakini hesabu yake, iliyoelezwa na Mao Zedong, kiongozi wa Wakomunisti, mwaka 1949, ni hii: demokrasia kwa "umma", udikteta kwa maadui wake. Swali zito ni nani anaamua wewe uko upande gani, na jibu limekuwa Chama cha Kikomunisti. Sanamu ya Mungu wa kike wa Minzhu iliyosimamishwa na wanafunzi waandamanaji katika uwanja wa Tiananmen, Beijing, tarehe 30 Mei 1989 iliangushwa na jeshi alfajiri ya Juni 4. Habari hiyo usiiandike kwenye makundi ya WeChat, programu ya ujumbe ya Wachina. Huchujwa, na akaunti yaweza kufungwa.

Kura zipo. Wananchi huchagua moja kwa moja kamati za vijiji na wajumbe wa mabaraza ya tarafa na wilaya. Juu ya hapo baraza huchagua baraza. Kisheria, wapiga kura 10 wanaweza kupendekeza jina, na uchaguzi huwa halali tu zaidi ya nusu ya walioandikishwa wakishiriki. Panapoharibika ni kati ya mapendekezo na orodha ya mwisho: majina huchujwa kwa "mashauriano", na wagombea wa kujitegemea hupotelea hapo. Miaka ya vita na Japani, vijijini kuzunguka Yan'an, ngome ya Wakomunisti, wasiojua kusoma walipiga kura kwa maharage: bakuli nyuma ya kila mgombea, punje moja kwa kila kura. Wazee wetu wa Tanzania waliopigia kura alama za jembe na nyumba mwaka 1965 wangeelewa mara moja.