Pima kwanza, ndipo ufute

Leo kutwa niko maabara na vipande vya basalti, mwamba utokanao na lava. Lava inapopoa hushika mwelekeo wa uga wa sumaku wa dunia wa wakati ule. Miamba ya Olduvai pale Tanzania imekipa jina kipindi kizima cha uga huo kuelekea kama leo, takriban miaka milioni 1.95 hadi 1.77 iliyopita.

Ili kuisoma kumbukumbu hiyo, sharti kwanza ufute usumaku uliojipachika baadaye. Njia moja ni uga unaogeuka-geuka huku nguvu yake ikipungua hadi sifuri. Wengi huiona salama kwa kuwa haina moto. Mimi siiamini kihivyo! Katika chembe kubwa za magnetaiti (madini ya chuma yanayobeba usumaku), uga huo hupanga upya vikoa vya ndani, yaani sehemu ndogo zenye usumaku wa mwelekeo mmoja, na wepesi wa mwamba kupokea usumaku unaweza kubadilika kufuata mhimili wa uga huo. Ukipima mpangilio wa chembe kwa wepesi huo baada ya hapo, huenda unasoma kazi ya mashine, si ya lava.

Njia nyingine ni kufuta kwa joto la tanuri, nalo lina vituko vyake: magnetaiti hupoteza usumaku karibu nyuzi 580 za Selsiasi, lakini kabla hujafika huko, joto laweza kuzaa magnetaiti mpya kutokana na madini ya udongo wa mfinyanzi au pairiti (madini ya chuma na salfa).

Kwa hiyo wepesi naupima kabla ya yote, halafu tena kila baada ya tanuri. Inachosha, jamani.